Kujibu Ombi la Ushahidi wa Ziada Kuhusu Vyeti vya Elimu Vilivyotolewa Nje ya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili ambao maombi yao ya viza ya kazi au ya ukaazi wa kudumu yamesimama kwa sababu afisa wa Idara ya Huduma za Uraia na Uhamiaji ya Marekani, yaani USCIS, anataka maelezo zaidi juu ya shahada walizozipata Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Lubumbashi au kwingineko. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya wakili aliyeisoma barua yako, lakini yatakusaidia kujua umuulize nini wakili huyo, na uanze kutafuta karatasi zipi wakati yeye bado anaandaa hoja.

Mwajiri wangu amepokea RFE. Je, ombi limekataliwa?

Hapana. RFE (Request for Evidence), yaani ombi la ushahidi wa ziada, ni barua ambayo afisa huituma anapoona kwamba ushahidi uliopo kwenye jalada hautoshi kumwezesha kukubali ombi, lakini upungufu huo unaweza kurekebishwa. Iko barua nyingine, iitwayo NOID, ambayo humjulisha mwombaji kwamba afisa anakusudia kukataa. Hiyo ni nzito zaidi na muda wake wa kujibu hauzidi siku 30. Kabla ya kuingiwa na hofu, soma kwanza kichwa cha barua ujue umepokea ipi kati ya hizo mbili.

Kwa nini barua ilitumwa kwa mwajiri na si kwangu mimi mwenye vyeti?

Kwa sababu katika fomu I-129, inayotumika kwa H-1B, yaani viza ya muda ya kazi za kitaalamu, na katika sehemu kubwa ya maombi ya fomu I-140, ya ukaazi wa kudumu kupitia kazi, mwombaji kisheria ni mwajiri, na wewe ni mnufaika tu. Barua huenda kwake na kwa wakili wake. Hali hii huwaumiza watu wengi, kwani mnufaika huambiwa kwa mdomo kwamba "wanataka vyeti vyako", akakimbilia kupiga simu chuoni kwake, kumbe afisa aliuliza jambo lingine kabisa. Omba nakala ya barua yote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwajiri asipokuwa tayari kukupa barua nzima, omba walau kurasa zinazozungumzia elimu yako.

Tuna muda gani wa kujibu?

Tarehe ya mwisho huandikwa kwenye barua yenyewe, na hiyo ndiyo ya kufuata. Kikomo cha juu kwa mujibu wa kanuni ni wiki 12, yaani siku 84. Barua ikitumwa kwa posta ndani ya Marekani, siku 3 huongezwa. Ikitumwa kwa mtu aliye nje ya nchi hiyo, huongezwa siku 14. Kanuni hazimruhusu afisa kuongeza muda zaidi ya hapo, hata kama chuo chako kiko katika mgomo wa wahadhiri au msajili yuko likizo. Aidha, jibu linatakiwa liwe limefika kufikia tarehe hiyo. Muhuri wa posta unaoonyesha kwamba lilitumwa mapema hausaidii kitu.

Bado wako watu wanaosema kwamba ziko siku 60 za nyongeza. Nafuu hiyo ilitolewa wakati wa janga la korona na ilikoma tarehe 23 Machi 2023.

Je, tunaweza kutuma kilichopo sasa, halafu transkripti ifuate?

Usifanye hivyo. Kanuni inampa mwombaji njia tatu: kujibu kikamilifu kwa mara moja, kujibu kwa sehemu na kuomba uamuzi utolewe kwa kutumia kilichopo, au kuondoa ombi. Ukituma nusu ya ushahidi, hata ukiambatanisha barua ya heshima inayoahidi kwamba nusu nyingine iko njiani, afisa atahesabu kwamba umechagua njia ya pili. Usipotuma chochote, ombi linaweza kukataliwa kwa kuchukuliwa kuwa limetelekezwa. Ndiyo maana kazi ya kuomba nyaraka kutoka nyumbani inapaswa kuanza siku ile ile barua inapopokelewa.

Afisa anataka kujua nini hasa?

Hili ndilo swali lenye thamani kubwa kuliko yote, na jibu lake limo katika aya mbili au tatu za barua zinazokuja baada ya maelezo marefu ya sheria. Mara nyingi afisa hapingi kwamba ulisoma, wala hajali kwamba GPA yako, yaani wastani wa alama, ilikuwa kubwa. Anauliza mojawapo ya mambo yafuatayo, au kadhaa kwa pamoja. Pengine anauliza kama shahada yako inalingana kwa kiwango na shahada ya kwanza ya Marekani. Pengine anakubali kiwango lakini haoni uhusiano kati ya fani uliyosoma na kazi unayotaka kuifanya. Pengine haoni tarehe ambayo shahada ilitunukiwa, au anaona cheti bila transkripti. Pengine chuo chenyewe hakijui. Na pengine jina lililo kwenye cheti halifanani na lililo kwenye pasipoti.

Kila swali kati ya hayo lina dawa yake. Anayeulizwa kuhusu fani akatuma barua ya chuo inayothibitisha kwamba alihitimu, amejibu swali ambalo halikuulizwa, na lile lililoulizwa limebaki pale pale. Andika swali la afisa kwa maneno yako mwenyewe, kwa sentensi moja, kabla ya kuomba karatasi yoyote kwa mtu yeyote.

Shahada yangu ya Tanzania ni ya miaka mitatu. Je, itahesabiwa kuwa sawa na ya Marekani ya miaka minne?

Maafisa wanaotilia shaka shahada za miaka mitatu hutegemea uamuzi wa mwaka 1977 uitwao Matter of Shah, ambao ulisema kwamba shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida huchukua miaka minne, na kwa hiyo shahada ya India ya miaka mitatu iliyokuwa ikijadiliwa haikulingana nayo. Mwombaji wa Tanzania au Uganda hana haja ya kubishana na uamuzi huo. Kazi yake ni kuonyesha kwamba njia aliyopita ni tofauti.

Katika mfumo wa 7-4-2-3, mwanafunzi husoma shule ya msingi miaka 7, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne miaka 4, kisha Kidato cha Tano na cha Sita miaka 2, ndipo aingie chuo kikuu. Amekaa darasani miaka 13 kabla ya kuanza shahada, na akimaliza shahada ya miaka 3 jumla inakuwa 16. Mmarekani husoma miaka 12 kisha 4, jumla 16. Tena, vyuo vingi vya Marekani humpunguzia masomo ya mwaka wa kwanza mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa kiwango cha Kidato cha Sita, jambo ambalo mtathmini mzuri, yaani mtaalamu anayelinganisha vyeti vya nje na vya Marekani, hulieleza.

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kuambatanisha cheti cha chuo kikuu peke yake, kana kwamba elimu ilianzia hapo. Afisa anaona miaka mitatu, na huo ndio mwisho wa safari. Ambatanisha cheti cha Kidato cha Nne na cha Sita kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania, au UCE na UACE kwa waliosoma Uganda, na umwombe mtathmini aeleze ngazi zote kwa mfuatano. Hata hivyo, kuhesabu miaka pekee hakutoshi. Mtathmini aeleze pia masharti ya kujiunga na chuo, uzito wa masomo yenyewe, na kwamba shahada hiyo humruhusu mhitimu kuendelea na shahada ya uzamili.

Kuna wale ambao hawakupita Kidato cha Sita, bali walisoma astashahada, kisha stashahada, ndipo wakaingia chuo kikuu. Njia hii inatambuliwa Tanzania, lakini afisa wa kituo cha USCIS cha Nebraska au Texas haijui. Kwa mhitimu wa namna hii, transkripti ya stashahada ndiyo inayoshika nafasi ya Kidato cha Sita, na ikikosekana hoja nzima ina pengo la miaka.

Na aliyesoma Kenya chini ya 8-4-4?

Kwake swali la miaka halina uzito, kwa kuwa shahada nyingi chini ya mfumo huo ni za miaka minne baada ya miaka 12 ya shule. RFE ya mhitimu wa Kenya huwa zaidi juu ya fani, jina au tarehe.

Nilisoma Kongo katika mfumo wa zamani. Nionyeshe graduat au licence?

Onyesha zote mbili. Katika mfumo wa zamani wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, graduat ilichukua miaka mitatu na licence miaka miwili juu yake. Neno licence huwapotosha wasomaji wawili kwa wakati mmoja: anayejua Kifaransa cha Ufaransa hudhani ni shahada ya miaka mitatu, na anayejua Kiingereza hudhani ni leseni ya kazi. Mfasiri aliache neno hilo kama lilivyo, na mtathmini ndiye aeleze kwamba linakamilisha miaka mitano ya chuo kikuu. Ukiambatanisha licence bila graduat, unamwachia afisa karatasi ya miaka miwili.

Nina Stashahada ya Juu, au nina CPA (T), yaani cheti cha bodi ya uhasibu. Nyumbani vinahesabiwa kuwa sawa na shahada.

Ni kweli kwamba nchini Tanzania Stashahada ya Juu, iliyokuwa ikitolewa na vyuo kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha kabla ya kuanza kutoa shahada, ilichukuliwa kuwa na hadhi ya shahada ya kwanza katika ajira. Lakini katika ukaazi wa kudumu kupitia kazi, kanuni za kundi la EB-2 (wenye shahada ya uzamili au inayolingana nayo) na za wanataaluma wa EB-3 (wenye shahada ya kwanza) zinadai shahada, iliyothibitishwa kwa kumbukumbu rasmi ya chuo inayoonyesha tarehe ya kutunukiwa na fani. Cheti cha bodi ya kitaaluma, hata kiwe kigumu namna gani kukipata, si kumbukumbu ya chuo. Katika makundi hayo hoja yako ni dhaifu, na ni afadhali uambiwe mapema. Katika H-1B mlango uko wazi zaidi, kama inavyoelezwa hapa chini.

Je, uzoefu wa kazi unaweza kuziba pengo la elimu?

Inategemea aina ya ombi. Kwa H-1B, kanuni inaruhusu miaka mitatu ya uzoefu au mafunzo ya kitaalamu ihesabiwe badala ya kila mwaka mmoja wa chuo unaokosekana, mradi uthibitishwe kwamba kazi hiyo ilihitaji maarifa ya nadharia na vitendo ya fani husika, kwamba ulifanya kazi pamoja na wenzako, wakubwa au walio chini yako wenye shahada au inayolingana nayo, na kwamba umetambuliwa kuwa mtaalamu katika fani hiyo. Barua ya mwajiri wa zamani inayosema tu kwamba "alikuwa mfanyakazi mwaminifu" haifiki hapo. Inapaswa kutaja majukumu, tarehe, teknolojia au mbinu zilizotumika, na elimu ya waliokuwa kazini nawe.

Kwa EB-3 ya wanataaluma, uzoefu hauwezi kuunda shahada ya kwanza. Kwa EB-2, uzoefu wa miaka mitano unaozidi kupanda ngazi baada ya shahada ya kwanza huhesabiwa kuwa sawa na shahada ya uzamili, lakini shahada hiyo ya kwanza lazima iwepo, nayo iwe imekamilika. Sifa zote ziwe zimepatikana kufikia tarehe ya kipaumbele, yaani tarehe inayokuweka kwenye foleni ya ukaazi. Shahada uliyoipata baada ya tarehe hiyo haiwezi kuokoa ombi lililokwisha kuwasilishwa.

Tathmini ya vyeti inayoaminika ina sura gani?

Serikali ya Marekani haimpendekezi mtathmini yeyote. Wako watathmini binafsi wengi, baadhi wakiwa wanachama wa NACES, chama kilichoanzishwa mwaka 1987, na uanachama huo husaidia ingawa si sharti. Jambo la kuelewa ni kwamba tathmini ni maoni. Uamuzi wa mwaka 1988 uitwao Matter of Sea, Inc. unamruhusu afisa kuipa uzito mdogo, au kuiweka kando kabisa, iwapo hailingani na ushahidi mwingine au ina mashaka kwa namna yoyote. Kwa hiyo tathmini ya ukurasa mmoja inayotangaza kwamba shahada yako "ni sawa", bila kusema kwa nini, haikupi kitu ambacho afisa hawezi kukikataa kwa sentensi moja.

Maafisa hutazama pia EDGE, hifadhidata ya AACRAO, ambacho ni chama cha wasajili na maafisa udahili wa vyuo. Mwambie mtathmini asome kile ambacho EDGE inasema juu ya nchi yako kabla hajaandika. Kama maoni yake yanakwenda kinyume na hifadhidata hiyo, aeleze sababu. Akinyamaza, afisa ndiye atakayeuliza, na safari hii katika barua ya kukataa.

Angalizo moja muhimu: mtathmini wa kawaida anakubalika kwa elimu ya darasani tu. Kwa H-1B, anayetathmini uzoefu wa kazi ili kuuhesabu kama elimu anatakiwa awe ofisa wa chuo mwenye mamlaka ya kutoa krediti za masomo (credit) kwa uzoefu, katika chuo chenye programu ya namna hiyo. Barua ya profesa lazima iambatane na uthibitisho wa mamlaka hayo kutoka kwa mkuu wake wa kitivo au msajili.

Nilisoma hisabati, lakini kazi ni ya uhandisi wa programu. Nifanyeje?

Kanuni ya H-1B iliyoanza kutumika tarehe 17 Januari 2025 inaeleza kwamba shahada inahusiana moja kwa moja na kazi iwapo kuna uhusiano wa kimantiki kati ya shahada na majukumu. Chukua transkripti, chagua masomo uliyosoma, na uyaweke kando ya majukumu ya kazi, moja baada ya jingine. Ikiwa jina la somo halieleweki, kama vile "MT 274", omba chuo kikupe maelezo ya mtaala. Jedwali moja la namna hii lina nguvu kuliko kurasa kumi za sifa.

Nilimaliza mwezi wa Julai, mahafali yalikuwa Novemba, na cheti nilikichukua miaka miwili baadaye. Tarehe ipi inahesabiwa?

Katika uamuzi wa mwaka 2017 uitwao Matter of O-A-, Inc., ilikubaliwa kwamba cheti cha muda kinaweza kutumika kuanza kuhesabu miaka mitano ya uzoefu inayotakiwa kwa EB-2, mradi mwanafunzi alikuwa ametimiza masharti yote ya msingi ya shahada na chuo kilikuwa kimeidhinisha kutunukiwa kwake. Kwa hiyo omba msajili aandike barua inayotaja mambo hayo mawili kwa tarehe: siku ulipotimiza masharti, na siku seneti au chombo kingine cha chuo kilipoidhinisha. Barua inayosema tu kwamba "alihitimu mwaka 2015" haitoshi.

Jina langu kwenye cheti halifanani na la pasipoti.

Hali hii ni ya kawaida mno kwetu. Mtoto aliandikishwa shule kwa jina la babu, Mohamed akaandikwa Muhammad, jina la katikati likaachwa, au mwanamke akachukua jina la mume baada ya chuo. Afisa hajui desturi hizi. Kanuni ya zamani, iliyowekwa na Matter of Ho mwaka 1988, inamtaka mwombaji aondoe tofauti za aina hii kwa ushahidi huru, na si kwa maelezo yake mwenyewe tu. Tumia cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na barua ya shule au chuo inayosema kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Hati ya kiapo ni nyongeza nzuri, lakini isisimame peke yake pale karatasi rasmi inapoweza kupatikana.

Chuo hakijibu, au kimefungwa.

Kanuni inaweka ngazi tatu. Kwanza unathibitisha kwamba waraka unaotakiwa haupatikani, kwa barua ya mamlaka husika au, ikishindikana, kwa ushahidi wa juhudi zako: barua pepe ulizotuma, risiti, tarehe za simu. Kisha unatoa ushahidi mbadala, kama barua ya udahili, matokeo ya muhula, kitabu cha mahafali, au uthibitisho wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania au chombo kama hicho katika nchi yako. Hapo tu, kama hata ushahidi mbadala haupo, ndipo hati za kiapo za watu wawili au zaidi wasiohusika na ombi, na wenye kujua jambo hilo wao wenyewe, zinapokubaliwa. Watu wengi huanza na hati za kiapo kwa sababu ni rahisi kuzipata, nao hushangaa zinapopuuzwa.

Nani anaruhusiwa kutafsiri vyeti vyangu?

Mtu yeyote anayezimudu lugha zote mbili, mradi atie saini tamko kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba ana uwezo wa kutafsiri kutoka lugha hiyo kwenda Kiingereza. Muhuri wa mthibitishaji wa umma hautakiwi na kanuni. Haipendezi wewe mwenyewe au mwenzi wako kuwa mfasiri. Mihuri, maandishi ya pembeni na ya nyuma ya cheti yatafsiriwe pia, kwa kuwa muhtasari haukubaliki.

Jibu lipangwe vipi?

Barua ya RFE ya awali iwe juu kabisa ya fungu, ifuatiwe na barua ya maelezo inayofuata mpangilio wa maswali ya afisa, kisha vielelezo vyenye namba. Tuma nakala, si vyeti halisi, isipokuwa umeombwa vyeti halisi. Kiwango cha uthibitisho ni kwamba dai lako lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa, kwa hiyo usimchoshe afisa kwa karatasi zisizohusika. Na kamwe usiambatanishe waraka ambao una shaka nao: uwongo wa makusudi kuhusu jambo la msingi unaweza kukufungia milango ya Marekani maisha yako yote.

Nini hufuata baada ya kutuma, na ikiwa watakataa?

Kwa maombi yaliyolipiwa huduma ya haraka, saa husimama RFE inapotolewa na huanza upya jibu linapopokelewa. Kwa H-1B ni siku 15 za kazi. Mengine husubiri zamu yake. Ombi likikataliwa, mwajiri ana siku 30, au 33 uamuzi ukitumwa kwa posta, kuwasilisha fomu I-290B ya rufaa au ya kuomba uamuzi utazamwe upya. Mara nyingi, hasa pale pengo lilipokuwa karatasi ambayo sasa imepatikana, kuwasilisha ombi jipya ni njia fupi zaidi, ingawa kwa H-1B inayotegemea bahati nasibu na kwa I-140 ambayo uthibitisho wake wa kazi kutoka Wizara ya Kazi umekwisha muda wa siku 180 njia hiyo inaweza kuwa imefungwa. Kwa vyovyote vile, hifadhi nakala kamili ya kila kilichotumwa, kwa sababu afisa atakayesoma ombi lijalo anaweza kulilinganisha na hili.